MAFIGO YETU NA MIFUPA YETU

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dagoretti Corner, Nairobi)



Halmashauri ilinitaka niseme nanyi juu ya jambo moja ambalo limekuwa likija mezani kwetu mara kwa mara, nalo ni maradhi ya mafigo. Mimi si daktari. Kazi yangu katika Chama hiki ni kuandika barua, kutunza daftari, na kupokea maombi ya wale waliopatwa na taabu. Lakini karani asomaye maombi ya watu wote huona mambo ambayo mwanachama mmoja mmoja hawezi kuyaona. Zamani barua nyingi za kuomba msaada zilikuwa za mazishi, za karo, na za ajali za barabarani. Siku hizi barua ya mgonjwa wa mafigo si ajabu tena. Nayo ina tofauti moja na barua nyingine zote: haiombi mara moja ikanyamaza. Mazishi huisha, na karo ya muhula hulipwa. Bali mtu ambaye mafigo yake yamekufa ataka msaada juma hili, na juma lijalo, na mwaka ujao, maadam yu hai.

Kwa ajili hiyo nimewauliza wajuao na nimesoma niliyoweza kuyasoma, nami nataka kueleza mambo matatu. La kwanza, kazi ya mafigo na jinsi yanavyoharibika bila kupiga kelele. La pili, jinsi uharibifu huo unavyoila mifupa, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. La tatu, gharama ya matibabu, na lile ambalo Chama chetu chaweza kulifanya. Mwishoni nitaleta shauri la Halmashauri, nanyi mtalikubali au mtalikataa.

KAZI YA MAFIGO

Kila mtu huzaliwa na mafigo mawili, yaliyokaa nyuma ya tumbo, kila moja upande wake wa uti wa mgongo, chini ya mbavu. Kila figo ni kadiri ya ngumi ya mtu mwenyewe. Ndani yake mna vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo ni kama milioni moja katika kila figo. Mtu mzima ana damu ya kadiri ya lita tano tu, lakini damu hiyo hurudi na kurudi katika mafigo usiku na mchana, hata kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji yapatayo lita 180. Hayo ni karibu pipa zima la bati la kuwekea maji. Karibu yote hurudishwa mwilini yakiwa safi, na yaliyosalia, lita moja au mbili pamoja na uchafu, hutoka kuwa mkojo.

Watu wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Sivyo. Mafigo ndiyo yanayopima chumvi na maji mwilini, na kwa hiyo huongoza nguvu ya damu katika mishipa, ile tuiitayo presha. Mafigo ndiyo yanayopeleka habari kwenye uboho ulio ndani ya mifupa, ili damu mpya itengenezwe. Tena mafigo ndiyo yanayotunza hesabu ya madini ya mifupa. Basi figo likiharibika, taabu haibaki katika mkojo peke yake: presha hupanda, damu hupungua, na mifupa huanza kudhoofika.

MARADHI YASIYOPIGA HODI

Ugonjwa huu hauna haraka wala hauna kelele. Mwenyezi Mungu ametupa mafigo kwa wingi kuliko haja yetu ya kila siku. Ndiyo sababu mtu aweza kumpa nduguye figo moja naye akaendelea kuishi. Lakini wingi huo huo ndio unaotudanganya. Mtu aweza kupoteza nusu ya nguvu ya mafigo yake asihisi lolote. Atakwenda kazini, atakula, atacheka na wenzake. Dalili zionekanapo, yaani kuvimba miguu na macho, mkojo wenye povu lisiloisha, kuamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, mwili kuwasha, chakula kutopendeza, na uchovu usio na sababu, aghalabu sehemu kubwa ya mafigo imekwisha kwenda, wala hairudi.

Waletao uharibifu ni wengi, lakini wakubwa ni wawili: ugonjwa wa sukari, na shinikizo la damu. Sukari nyingi katika damu huharibu vichujio vile vidogo. Presha kubwa huvipiga kama maji ya bomba lenye nguvu yapigavyo mfereji wa udongo. Uchunguzi wa taifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha iliyopanda. Tena zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata siku moja maishani mwao. Yafikirini hayo, wazee wangu. Tungehesabu vichwa humu ukumbini kwa kadiri hiyo, tungeona ni wangapi wabebao mzigo wasioujua.

Wako na waharibifu wengine. Wanaume waliokwisha kuwa wazee huweza kufungwa na tezi dume iliyokua, mkojo ukazuilika na kurudi nyuma, mafigo yakavimba. Mzee huona haya kusema, akanyamaza. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Yako pia mawe ya mafigo, na maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa. Ziko dawa za mitishamba zinazouzwa bila mtu kujua kilichomo wala kipimo chake. Tena ziko dawa za kutuliza maumivu, ambazo nitazirudia kwa sababu zina uhusiano mkubwa na habari ya mifupa.

Hapa yafaa niwakumbushe habari iliyotokea katika mji wetu huu wenyewe. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza, katika jarida kubwa la madaktari la Uingereza, uchunguzi wao juu ya watu wazima 60 wa hapa ambao miili yao ilikuwa imevimba kwa sababu mafigo yao yalikuwa yakivujisha protini katika mkojo. Madaktari walipouliza kwa makini waliona kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakijipaka mafuta ya kung'arisha ngozi, na mafuta hayo yalikuwa na zebaki. Zebaki ilikuwa ikipenya katika ngozi, ikaingia katika damu, ikafika katika mafigo. Baadhi yao, walipoacha mafuta hayo, walipona. Mafuta ya zebaki yalikwisha kupigwa marufuku, lakini bidhaa za namna hiyo zingali zikipenya masokoni kwa siri. Akina mama, waambieni binti zenu: weupe wa miezi michache usije ukanunuliwa kwa mafigo ya maisha yote.

MAFIGO NA MIFUPA

Sasa naja kwenye jambo la pili, nalo ndilo nililolitaka zaidi wazee walisikie.

Mifupa yetu si kama mawe, yaliyokwisha kuumbwa yakakaa. Mifupa i hai. Kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Madini makubwa yaijengayo ni kalsiamu na fosfati. Katika kila sehemu mia za kalsiamu iliyomo mwilini, sehemu 99 zimo katika mifupa na meno. Sehemu moja tu ndiyo iliyo nje, lakini moyo haupigi vema wala misuli haifanyi kazi ila sehemu hiyo ya katika damu iwe katika kipimo chake.

Niruhusuni niseme kama karani. Mifupa ni hazina ya benki. Damu ni fedha za matumizi ya kila siku. Figo ndilo mweka hazina. Kila siku mweka hazina huyu hufanya kazi mbili. Kwanza, huitia mhuri wa mwisho ile vitamini D tuipatayo kwa jua na kwa chakula. Vitamini hiyo hupita kwanza katika ini, kisha katika mafigo, na isipopata mhuri wa mafigo haina nguvu ya kulifanya tumbo lipokee kalsiamu ya chakula kama ipasavyo. Pili, hutoa nje fosfati iliyozidi, kwa njia ya mkojo.

Mafigo yakidhoofika, kazi zote mbili hukwama. Fosfati hurundikana katika damu. Vitamini D hukosa mhuri, na kalsiamu iingiayo hupungua. Hapo tezi nne ndogo zilizo shingoni, kila moja kadiri ya punje ya mchele, huona kwamba fedha za matumizi zimepungua. Kazi ya tezi hizo ni kupeleka amri: toeni kalsiamu katika hazina! Basi mifupa hutoa. Katika mwili wenye afya amri hiyo hudumu kitambo kidogo, kisha mambo yakatengenea. Lakini katika mwili ambao mafigo yake ni mabovu, mambo hayatengenei, na tezi hizo hukua, zikaendelea kutoa amri mchana na usiku, mwaka hata mwaka. Kila siku hutolewa, wala haiwekwi. Ninyi nyote mwajua mwisho wa hazina ya namna hiyo.

Mwisho wake ni mifupa myepesi inayouma na kuvunjika kwa jambo dogo. Mtu huteleza bafuni akavunjika nyonga. Na wagonjwa walio katika mtambo wa kusafisha damu huvunjika nyonga mara nyingi kuliko watu wa umri wao walio wazima. Mtoto mwenye ugonjwa huu huweza kudumaa, au miguu yake ikapinda. Tena kalsiamu iliyong'olewa katika mifupa haipotei hivi hivi. Ikikutana na fosfati nyingi katika damu, huganda mahali pasipoitaka: katika mishipa ya damu, na katika milango ya moyo. Hivyo mifupa hulainika mahali ilipopasa kuwa migumu, na mishipa hugeuka migumu mahali ilipopasa kuwa laini. Wagonjwa wengi wa mafigo hufa kwa moyo, na hiyo ni moja ya sababu zake.

Sasa chukueni mfano wa mzee wa kwetu, mwenye miaka sitini na mitano. Magoti yamuuma, na mgongo. Asema, huu ni uzee. Aenda dukani kando ya barabara ya Naivasha, anunua vidonge vya maumivu, na vyamtuliza. Kesho anunua tena. Mwaka wapita, na wa pili, kila siku kidonge. Dawa hizo, kama vile dikilofenaki na ibuprofeni, hupunguza damu iendayo kwenye mafigo. Kijana mzima akizimeza siku mbili tatu, aghalabu hazimdhuru. Lakini mzee mwenye presha au sukari, azimezaye kila siku bila kupimwa, huweza kuyaua mafigo yake. Na mafigo yakifa, mifupa huuma zaidi. Naye mifupa ikimuuma zaidi, aongeza vidonge! Ndugu zangu, huo ni mduara ambao hautoki mtu ila kwa kupimwa.

Au jamaa wamhurumia, wamnunulia vidonge vya kalsiamu, wamletea supu ya mifupa asubuhi na jioni. Nia yao ni njema. Lakini kwa mtu mwenye mafigo mabovu, kalsiamu ya kujinunulia huweza kwenda kuganda katika mishipa, au kuzilaza tezi zile kupita kiasi hata mifupa ikaacha kujijenga kabisa. Daktari humpa mgonjwa wa namna hiyo dawa kwa kipimo cha damu yake: pengine vitamini D iliyokwisha kutiwa mhuri, pengine dawa inayomezwa pamoja na chakula ili kuishika fosfati tumboni isiingie katika damu. Kila mgonjwa ana kipimo chake, wala dawa ya jirani si dawa yako.

Katika chakula nasema machache. Chumvi nyingi ni adui wa presha, na kwa hiyo ni adui wa mafigo. Soda nyeusi na soseji zina fosfati iliyotiwa kiwandani, ambayo huingia katika damu upesi kuliko ile iliyomo katika maharagwe na mahindi ya githeri yetu. Mtu ambaye mafigo yake yamekwisha kudhoofika sana huweza kuonywa hata juu ya ndizi, viazi na parachichi, kwa kuwa vina potasiamu, nayo ikizidi husimamisha moyo. Lakini mtu mzima wa afya asiviache vyakula hivyo kwa hofu. Onyo hilo ni la mgonjwa, tena kwa shauri la daktari wake.

MAJI TUNAYOYANUNUA

Liko jambo jingine linalogusa mafigo na mifupa pamoja, nalo ni la nchi yetu hasa. Miamba ya Bonde la Ufa na ya sehemu hizi za Nairobi ilitokana na moto wa volkano, na maji ya visima virefu vilivyochimbwa ndani yake mara nyingi huwa na floridi nyingi. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika kila lita. Maji yaliyopita mpaka huo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, kama tulivyoona kwa jamaa zetu wengi waliokulia Nakuru na Naivasha. Yakizidi sana kwa miaka mingi, huikakamaza mifupa na viungo.

Mafigo mazima huitoa sehemu kubwa ya floridi katika mkojo. Mafigo mabovu hayawezi, nayo hurundikana katika mifupa. Basi mgonjwa wa mafigo anywaye maji ya kisima kila siku ana hatari kuliko jirani yake. Wala kuyachemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi hubaki, tena maji yakipungua sufuriani huzidi kuwa nzito. Dawa yake ni chujio maalum. Huko Nakuru Kanisa Katoliki lilianzisha kazi ya kutengeneza machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huishika floridi. Maji ya mvua yaliyokingwa vema hayana taabu hiyo. Kwetu sisi tununuao maji kwa mitungi, ni haki yetu kumwuliza mwenye kisima cheti cha upimaji wa maji yake.

MTAMBO, NA GHARAMA YAKE

Jambo la tatu ni matibabu. Mafigo yakifa kabisa njia ni mbili: kusafishwa damu kwa mtambo, au kupandikizwa figo la mtu mwingine.

Mtambo wa kwanza ulitengenezwa Uholanzi na Daktari Willem Kolff mwaka 1943, wakati wa vita vikuu. Na mgonjwa wa kwanza kuokoka kwa mtambo huo aliokoka mwaka 1945. Lakini mtambo wa Kolff ulifaa kwa siku chache tu. Mwaka 1960, katika mji wa Seattle huko Marekani, Daktari Belding Scribner aliona njia ya kumwunganisha mgonjwa na mtambo tena na tena, hata mtu akaweza kuishi miaka. Ndipo taabu nyingine ikazuka. Mitambo ilikuwa michache, na wagonjwa wengi. Wakaweka kamati ya raia, majina yao yakafichwa, nao wakawa wakikaa kuchagua nani atiwe katika mtambo na nani aachwe. Waliangalia kazi ya mtu, watoto wake, na heshima yake katika mji. Mwaka 1962 habari hizo zilipoandikwa magazetini, watu wengi walifadhaika. Nimeitaja habari hiyo kwa makusudi, nanyi mtaona sababu baada ya kitambo.

Kwetu Kenya, kwa miaka mingi mitambo ilikuwa katika hospitali chache tu, na wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuja katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa kukodi vyombo vya hospitali za kaunti, na mitambo ya kusafisha damu ikawa miongoni mwake. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini mgonjwa mmoja huhitaji kukaa katika mtambo kadiri ya saa nne, mara mbili au tatu kila juma. Bima ya NHIF, kabla ya kuondolewa, ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kila safari, mara mbili kwa juma. Nimepiga hesabu: kwa majuma 52 ni shilingi 988,000. Hiyo ni gharama ya mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, bila dawa, bila sindano za kuongeza damu, bila nauli. Hakuna harambee iwezayo kuichukua gharama hiyo kila mwaka. Wala Chama chetu hakiwezi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ya bima hiyo imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mchango wake umewekwa kuwa asilimia 2.75 ya mapato, wala usipungue shilingi 300 kwa mwezi, ambayo ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Linganisheni 3,600 na 988,000, kisha mwone ni nani aliye mwerevu: aliyelipa mapema, au aliyengoja.

Kupandikizwa figo ni bora kuliko mtambo kwa yule aliyefaa na kupata wa kumpa. Kazi hiyo ilifanikiwa mara ya kwanza Boston, Marekani, mwaka 1954, pacha alipompa pacha mwenzake figo. Nayo hufanywa hapa Nairobi katika Hospitali ya Kenyatta. Lakini figo hutolewa kwa hiari na kwa upendo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yakataza kuuza kiungo cha mwili. Vijana wetu wasije wakadanganywa na watu waahidio fedha. Fedha huisha, figo halioti tena.

SHAURI LA HALMASHAURI

Ndugu wanachama, nimeyasema hayo yote ili tufike hapa. Fedha za Chama ni haba na haba zenu wenyewe. Mpaka sasa tumekuwa tukimsaidia mgonjwa baada ya mafigo yake kufa. Twachangisha, twatoa, na baada ya miezi michache twarudi kumchangia maiti. Aliye na jamaa wengi hupata kingi. Mjane asiye na msemaji hupata kidogo. Bila kukusudia tumekuwa kama ile kamati ya Seattle, tukichagua kwa kuangalia uso. Halmashauri yaona si haki, tena haina faida. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi yaleta shauri hili:

Kwanza, kila mwaka, katika Siku ya Figo Ulimwenguni, ambayo ni Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi, Chama kifanye siku ya kupimana hapa Dagoretti Corner. Kila mwanachama aliyetimiza miaka arobaini, na kila mwenye sukari, presha, au jamaa aliyeugua mafigo, apimwe vitu vitatu: presha, sukari, na protini katika mkojo. Atakayeonekana na shaka apimwe na damu pia, kipimo kiitwacho kreatinini. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 Serikali iliwapa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha na sukari, twaweza kuwaalika watusaidie.

Pili, sehemu moja katika tatu ya mfuko wa wagonjwa itengwe kwa ajili ya wale ambao ugonjwa wao ungali mchanga: gharama ya vipimo, na dawa za presha na sukari kwa asiyejiweza. Dawa hizo zikimezwa kila siku huweza kuchelewesha mtambo kwa miaka mingi, na pengine kuuzuia kabisa.

Tatu, kila nyumba ya mwanachama ijiandikishe SHA, na karani atunze orodha. Asiye na uwezo wa mchango kwa sababu ya ujane au uzee aje mbele ya Halmashauri kwa siri, asaidiwe.

Nne, wale wenzetu walio katika mtambo sasa tusiwaache. Chama hakiwezi kulipa mtambo, lakini chaweza kulipa nauli ya kwenda na kurudi, kiasi kilicho sawa kwa kila mmoja, awe mzee mkubwa au mchuuzi wa mboga, bila kuuliza ana jamaa wangapi.

Najua shauri la pili litawauma wengine. Watasema, je, tumnyime mtu aliye kitandani tumpe mtu atembeaye kwa miguu yake? Swali hilo ni zito, nami silidharau. Jibu la Halmashauri ni kwamba yule atembeaye leo ndiye atakayekuwa kitandani baada ya miaka mitano, na wakati huo elfu zetu chache hazitamfaa kitu. Leo zamfaa. Hata hivyo mfuko ni wenu, na uamuzi ni wenu.

Wazee wangu, nimalizie kwa ombi moja. Vijana hawaendi kupimwa kwa kusikia hotuba ya karani. Huenda wakiona wazee wamekwenda. Mzee akikunja mkono wa shati akafungwa kile kitambaa cha presha mbele ya watu, ametoa mafundisho kuliko maneno yangu yote. Na yule ambaye magoti humuuma, kabla ya kununua vidonge tena, na aulize kwanza habari za mafigo yake.

 Shauri li mbele yenu, Mheshimiwa Mwenyekiti.